Mwongozo Kamili wa Kuendesha Gari la Haibridi Ili Lile Mafuta Kidogo

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu amenunua gari la haibridi akitarajia kwamba matumizi yake ya mafuta yatapungua kwa nusu, na baada ya miezi miwili anagundua kwamba tofauti kati ya gari hilo na lile aliloliuza ni ndogo kiasi cha kumkatisha tamaa. Analipeleka kwa fundi, fundi haoni hitilafu yoyote, na mwishowe lawama zote zinatupiwa betri. Ni mara chache betri huwa na hatia. Mara nyingi tatizo ni mguu wa dereva, ambao bado unaendesha gari jipya kwa mazoea ya gari la zamani, au mguu uliobadilika ukaelekea upande usiofaa kwa kujaribu kuikwepa injini kila dakika. Kosa hili la pili ndilo ninalokutana nalo zaidi, na wanaolifanya ni watu makini, wanaojitahidi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya haibridi kamili isiyochomekwa kwenye umeme, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayoweza kulisukuma gari peke yake kwa umbali mfupi, kama vile Toyota Prius na Toyota Aqua. Ikiwa gari lako ni haibridi nyepesi, ambayo mota yake huisaidia injini tu bila kuweza kuliendesha gari yenyewe, hatua za upimaji, matairi na mwendo zitakufaa vilevile, lakini usitarajie injini izimike gari likiwa kwenye mwendo kama ninavyoeleza hapa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu vya kukaa ndani ya gari. Simu inafaa pia, mradi uandike papo hapo ukiwa kituoni na si jioni kwa kukumbuka.
- Kitabu cha maelekezo cha gari lako. Usikubali cha toleo jingine, kwa sababu vipimo hutofautiana.
- Kipimo cha upepo wa matairi kilicho chako mwenyewe.
- Kifyonza vumbi kidogo au brashi laini.
- Subira ya matenki matatu ya mafuta kabla ya kubadilisha chochote, na mengine matatu baada ya kubadilisha.

## Jambo la kuelewa kabla ya hatua ya kwanza

Katika haibridi isiyochomekwa, kila tone la umeme lililomo ndani ya betri lilitokana na petroli uliyoinunua. Ama injini iliuzalisha moja kwa moja, ama ulirejeshwa wakati wa kupunguza mwendo ambao petroli ndiyo iliyouleta. Kwa hiyo betri si chanzo cha pili cha nishati. Ni mahali pa kuhifadhi nishati kwa muda, na kila unapoiweka na kuitoa, sehemu yake hupotea kama joto katika mota, nyaya na betri yenyewe.

Mahali penyewe ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina uwezo wa takriban saa-kilowati 1.3, na kompyuta ya gari huruhusu itumike sehemu ya katikati tu, kwa kawaida kati ya asilimia 40 na 80, ili isichakae upesi. Kinachobaki kwa matumizi ni kama nusu saa-kilowati. Lita moja ya petroli ina takriban saa-kilowati 9. Ukilinganisha namba hizo mbili, utaona kwamba anayejivunia kuvuka mtaa mzima kwa umeme hajaokoa kitu chenye uzito. Ameazima kiasi kidogo, na injini itakilipa mbele ya safari.

Haibridi huokoa mafuta kwa njia nyingine. Huzima injini pale ambapo injini ingefanya kazi vibaya, yaani gari likiwa limesimama au likitambaa. Huifanyisha injini kazi kwa kiwango kinachoifaa wakati inapowaka. Na hukusanya sehemu ya nishati ambayo gari la kawaida huigeuza kuwa joto la breki. Hatua zote zinazofuata ni namna ya kuisaidia ifanye mambo hayo matatu, au angalau kutoizuia.

## Hatua ya 1: Pima ulaji halisi kabla ya kubadilisha chochote

Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe kwa mara ya kwanza, kisha usiongeze hata kidogo. Andika namba ya odomita, yaani kipimo cha kilomita ambazo gari limetembea. Endesha kama ulivyozoea mpaka tenki likaribie robo, rudi kwenye kituo kile kile na ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena mpaka ijikate, kisha andika lita zilizoingia pamoja na odomita mpya. Gawanya kilomita kwa lita. Ikiwa umetembea kilomita 720 na zimeingia lita 38.4, gari linakwenda kilomita 18.75 kwa lita, ambayo ni sawa na lita 5.3 kwa kila kilomita 100.

Usitegemee namba ya dashibodi peke yake. Mara nyingi huipendelea gari kidogo, na hata inapokuwa sahihi inakuhesabia safari moja moja, jambo linalokufanya ufurahie siku nzuri na kuisahau mbaya.

Sababu ya kutaka tenki lishuke hivyo ni ya kihesabu. Pampu zinaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa lita moja. Kosa la lita moja katika lita 38 ni chini ya asilimia 3, lakini ukiwa umejaza lita 10 tu, kosa hilo hilo ni asilimia 10, na kwa kosa hilo unaweza kuamini kwamba umeboresha kumbe hujabadilisha lolote. Hiyo pia ndiyo sababu ya matenki matatu badala ya moja.

Jambo jingine la kuzingatia ni kipimo chenyewe. Kutoka kilomita 10 kwa lita kwenda 12 kunaokoa karibu lita 1.7 katika kila kilomita 100. Kutoka 20 kwenda 22, ambako nako ni kuongeza mbili, kunaokoa chini ya nusu lita. Anayeanzia pabaya ana mengi ya kuvuna. Aliyekwisha kufika 20 asijitese kuitafuta 22. Kwa sababu hiyo nakushauri uandike lita kwa kilomita 100, kwa kuwa namba hiyo haikudanganyi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba tatu zinazokaribiana. Zikipishana sana, chunguza kwanza kama safari zako zilifanana.

## Hatua ya 2: Liweke gari katika hali inayostahili

Anza na matairi. Pima upepo asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa sababu tairi likipata joto huonyesha upepo mwingi kuliko uliomo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa kwenye tairi lenyewe ni ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kuhimili, na haikukusudiwa kuwa kiwango cha kila siku. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, na nishati ya kulikunja inatoka kwenye tenki. Usizidishe upepo kwa kutafuta akiba, maana tairi gumu kupita kiasi hushika barabara vibaya, hasa wakati wa mvua.

Ikiwa matairi ya awali yamekwisha kubadilishwa, angalia kama yaliyopo ni ya ukubwa uleule. Magari mengi ya haibridi hutoka kiwandani na matairi yaliyotengenezwa kuviringika kwa wepesi. Ukiyaondoa na kuweka mapana kwa ajili ya sura, ulaji wa mafuta hupanda, na hakuna ustadi wa mguu utakaofidia.

Pili, tafuta matundu ya hewa ya betri kubwa, ile inayoilisha mota. Katika magari mengi yapo pembeni au chini ya kiti cha nyuma, nayo huvuta hewa ya ndani ya gari ili kuipoza betri. Nimeona matundu hayo yakiwa yamezibwa na mkoba, na mengine yamejaa nywele za mbwa na vumbi hadi hewa haipiti. Betri inapopata joto kupita kiasi, kompyuta hupunguza umeme unaoruhusiwa kuingia na kutoka, na gari linabaki kuwa gari la kawaida lililobeba betri kama mzigo. Safisha matundu na kichujio chake kwa kufuata kitabu cha maelekezo.

Onyo: usifungue kifuniko chochote cha betri yenyewe, na usiguse waya wowote wenye rangi ya chungwa. Rangi hiyo huashiria umeme mkubwa unaoweza kuua, na kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

Oili nayo ina mchango. Haibridi nyingi huhitaji oili nyepesi ya 0W-20 au 0W-16. Fundi akikushawishi kuweka nzito zaidi kwa madai kwamba inalinda injini, muonyeshe kitabu. Mwisho, toa kwenye buti vitu usivyovihitaji, na ufungue keria ya juu kama huitumii, kwa kuwa hukamata upepo hata ikiwa tupu.

## Hatua ya 3: Dakika za kwanza za safari

Injini baridi ndiyo mlafi mkuu. Unapowasha gari asubuhi, injini huwaka hata kama betri imejaa, kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba hakifanyi kazi mpaka kipate joto, na maji ya kupoza injini nayo yanahitaji kufikia joto fulani kabla kompyuta haijaruhusu injini izimike mara kwa mara. Dereva mgeni huona jambo hili kama ubovu. Ni utaratibu wa kawaida.

Usikae ukiwa umeegesha kusubiri gari lipate joto. Hakikisha taa ya READY kwenye dashibodi, inayoonyesha kwamba gari liko tayari kuondoka, imewaka, kisha ondoka mara moja kwa upole, bila kulazimisha nguvu katika dakika ile ya mwanzo. Injini hupata joto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikinguruma mahali pamoja, na mafuta yanayoungua wakati huo angalau yanakusogeza mbele.

Hapa ndipo ratiba yako inapokuwa na uzito kuliko mguu wako. Safari tano za kilomita tatu tatu, kila moja ikianza na injini baridi, zitakula mafuta mengi kuliko safari moja ya kilomita 15. Ukiweza kuunganisha shughuli mbili katika mzunguko mmoja, fanya hivyo, na uanze na ile ya mbali ili injini iwe na joto la kutosha utakapokuwa ukisimama hapa na pale wakati wa kurudi.

Onyo ambalo sitalifupisha: gari likiwa limesimama kimya na taa ya READY inawaka, gari limewashwa. Injini inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote ili kuchaji betri. Usiliache hivyo kamwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

## Hatua ya 4: Ondoka bila kuiogopa injini

Hii ndiyo hatua wanayoikosea watu makini. Taa za barabarani zinawaka kijani, na dereva anagusa pedali kwa ncha ya kidole ili gari liende kwa umeme tu. Gari linatambaa. Walio nyuma wanapiga honi. Mita 200 baadaye betri imeshuka, injini inawaka, na sasa inapaswa kusukuma gari na wakati huohuo kulipa deni la betri. Umeme uliotumika uligeuzwa kutoka petroli, ukahifadhiwa, ukatolewa, kisha ukageuzwa tena kuwa mwendo, na kila hatua ilitoza ushuru wake.

Fanya hivi badala yake. Acha umeme uliondoe gari mahali liliposimama, kwa kuwa hapo ndipo mota inapofanya vizuri kuliko injini. Kisha ongeza mguu kwa uthabiti mpaka injini iwake, na uendelee kuongeza mwendo kwa kasi ya wastani, sindano ya kipimo cha nguvu kwenye dashibodi ikiwa katikati hadi sehemu ya juu ya eneo la ECO (matumizi nafuu), bila kuingia PWR (nguvu kubwa). Ukifikia mwendo unaotaka, punguza mguu. Injini ya aina hii hupata kazi nyingi zaidi kwa kila tone inapobebeshwa mzigo wa wastani kuliko inapopewa mzigo mwepesi mno kwa muda mrefu.

Kitufe cha EV, kinacholiendesha gari kwa umeme pekee, kina matumizi yake, kama vile kulisogeza gari kutoka kwenye maegesho usiku bila kelele, au kulihamisha mita chache bila kuiwasha injini baridi. Ukikitumia kila siku kwa nia ya kuokoa mafuta, hutaokoa. Kitufe cha ECO ni tofauti: hicho hulainisha mwitikio wa pedali na mara nyingi hupunguza nguvu ya kiyoyozi, nacho kinawafaa wenye mguu mzito. Mwenye mguu uliotulia hataona tofauti kubwa.

Dalili ya kufaulu ni kwamba unaondoka sambamba na magari mengine, hakuna anayekupigia honi, na injini yako inawaka kwa muda mfupi kisha inanyamaza.

## Hatua ya 5: Achia, uteleze

Ukiwa kwenye mwendo wa mjini, kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa, ondoa mguu wote kwenye pedali. Injini itazimika, na mshale kwenye skrini ya mtiririko wa nishati utaonyesha umeme kidogo ukirudi kwenye betri. Sasa rudisha mguu kwa wepesi sana mpaka mishale yote ipotee au ibaki midogo kabisa. Gari linateleza kwa nguvu ya mwendo wake. Halichomi petroli, na halipeleki wala kuchukua umeme wa maana.

Hali hii ina faida kuliko kuchaji, jambo linalowashangaza wengi. Mwendo uliobaki kuwa mwendo haujapitia mageuzi yoyote, kwa hiyo haujapoteza kitu isipokuwa kile kinachochukuliwa na upepo na matairi. Ukiona mbele pamesafika lakini unahitaji kupungua polepole kwa mita mia kadhaa, teleza kwanza. Breki zije baadaye.

Itakuchukua siku chache kupata mahali pa mguu. Jifunze kwenye barabara isiyo na msongamano, na usiikodolee macho skrini. Itupie jicho kama unavyotupia kioo cha pembeni. Akiba yoyote ya mafuta haitoshi kulipia bampa la mtu mwingine.

Usiteleze kwa kuweka gia ya nyutro. Katika haibridi nyingi, gari likiwa nyutro betri haichajiwi na urejeshaji wa nishati husimama, na pia unabaki bila msaada wa haraka wa mota ukihitaji kukwepa kitu.

## Hatua ya 6: Funga breki mapema, kwa wepesi, kwa muda mrefu

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Ukikanyaga breki ya haibridi, kitu cha kwanza kufanya kazi si pedi. Mota hugeuka kuwa jenereta, nguvu ya magurudumu huizungusha, na umeme unarudi kwenye betri. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa limebeba takriban saa-kilowati 0.054 ya nishati ya mwendo. Likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba 0.15, karibu mara tatu. Katika gari la kawaida nishati hiyo yote huishia kwenye diski za breki kama joto.

Lakini mota na betri vina kikomo cha kiasi kinachoweza kupokelewa kwa sekunde. Ukikanyaga kwa nguvu ili usimame ndani ya sekunde tatu, nishati inatoka upesi kuliko betri inavyoweza kuimeza, na ziada yote inakwenda kwenye pedi. Ukisimama kwa sekunde kumi au kumi na mbili, nishati ile ile inaingia taratibu na sehemu kubwa inahifadhiwa. Kiasi cha mwendo unachokiondoa ni kile kile. Tofauti ni muda uliojipa.

Kwa hiyo kazi halisi ya breki huanzia machoni. Tazama taa za barabarani zilizo mbali, si bampa la aliye mbele yako. Acha nafasi ya angalau sekunde tatu kati yako na yeye. Ukiona taa nyekundu au msafara unaopungua, achia pedali ya mafuta mara moja, kisha gusa breki kidogo mpaka alama ya CHG (kuchaji) kwenye kipimo hicho cha dashibodi ijae karibu kufika mwisho wake, na uibakize hapo. Ikigonga mwisho, pedi zimeanza kushiriki; legeza kidogo kama nafasi inaruhusu.

Katika mwendo mdogo kabisa, chini ya kilomita 10 kwa saa hivi, urejeshaji hupungua na breki za kawaida humalizia. Madereva wengi huhisi badiliko dogo chini ya mguu wakati huo, na wengine hukimbilia kwa fundi. Hakuna ubaya.

Maonyo ni mawili. La kwanza: dharura ikitokea, kanyaga breki kwa nguvu zote bila kufikiria betri. Pedi zipo kwa ajili ya hilo. La pili: kwa kuwa pedi zinatumika kidogo, zinadumu muda mrefu, lakini diski zinaweza kushika kutu na pini za breki zinaweza kukwama. Mara moja moja, barabara ikiwa tupu, simama kwa breki nzito kidogo ili kuzisafisha, na mwambie fundi azikague kwenye kila huduma hata kama pedi bado ni nene.

Utajua umefaulu pale ambapo mara nyingi unafika kwenye taa nyekundu ukiwa bado unatembea, na inageuka kijani kabla hujasimama. Wakati huo hata betri haikuhitajika.

## Hatua ya 7: Miinuko na miteremko

Kwenye mwinuko, kubali kwamba injini itafanya kazi. Shika mwendo ulio sawa, na ukubali kupungua kidogo kuelekea kileleni badala ya kukanyaga zaidi, kwa kuwa upande wa pili mteremko utakurudishia mwendo bure.

Kwenye mteremko mfupi, achia na uiruhusu betri ijae. Mteremko mrefu una hesabu yake: gari la kilo 1,400 likishuka mita 100 za kimo huachia karibu saa-kilowati 0.38, kiasi kinachokaribia nafasi yote inayotumika katika betri kama ile ya Prius. Betri ikijaa, haiwezi kupokea tena, na katika magari mengi kompyuta huanza kuizungusha injini bila mafuta ili ishikilie gari. Utasikia mngurumo mkubwa. Usiogope.

Herufi B kwenye gia za Toyota imewekwa kwa ajili ya miteremko mirefu na mikali, ili breki zisipate joto kupita kiasi. Wapo wanaoiweka B mjini kutwa nzima wakidhani inachaji zaidi. Matokeo ni kinyume, kwa sababu sehemu ya nishati hutupwa kwa kuizungusha injini. Itumie mlimani, kisha rudi D.

## Hatua ya 8: Foleni

Foleni ni uwanja wa nyumbani wa haibridi, nawe huna mengi ya kufanya. Usifuate kila nafasi ya mita mbili inayofunguka mbele. Ngoja iwe mita kumi, usogee kwa umeme, usimame. Ukisimama kwa muda mrefu weka P, si nyutro, ili injini iweze kuchaji betri ikihitajika. Betri ikishuka injini itawaka kwa dakika chache na kuzimika tena, na huna haja ya kuizuia.

Kumbuka tu kwamba gari lako halisikiki. Watembea kwa miguu wanaovuka kati ya magari hutegemea masikio yao kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 9: Barabara kuu

Hapa matarajio yanapaswa kushuka. Kwenye barabara kuu hakuna kusimama, kwa hiyo hakuna cha kurejesha, na faida ya haibridi juu ya gari jipya la kawaida hupungua. Adui ni upepo. Ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, unaongezeka kwa asilimia 56.

Linganisha na muda. Umbali wa kilomita 50 kwa mwendo wa 100 unachukua dakika 30, na kwa mwendo wa 90 dakika 33 na sekunde 20. Kwa dakika tatu na ushee unapunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 19. Chagua mwendo mmoja unaolingana na sheria na magari yaliyokuzunguka, uushike. Kidhibiti mwendo kinafaa kwenye tambarare; kwenye vilima kizime, kwa sababu kitakanyaga mafuta kupanda kwa namna ambayo wewe usingefanya. Na usijibane nyuma ya lori kwa ajili ya kukingwa na upepo. Kinga ipo kweli, lakini huoni mbele, na breki zako haziwezi kuushinda umbali ambao hukuuacha.

## Hatua ya 10: Kiyoyozi

Katika haibridi kamili nyingi kiyoyozi kinaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ndiyo maana kinaendelea kupoza injini ikiwa imezimika. Umeme huo, kama ule mwingine, umetoka kwenye petroli. Gari likiwa limekaa juani, fungua milango na madirisha dakika moja kwanza, kisha funga, weka hewa ya kuzunguka ndani, na uchague joto la wastani badala ya lile la chini kabisa. Usivumilie joto kali kwa ajili ya akiba. Katika magari mengi hewa ya ndani ndiyo inayoipoza betri, na ukiungua wewe inaungua nayo.

## Hatua ya 11: Pima tena

Jaza matenki matatu kwa utaratibu ule ule wa hatua ya kwanza, kwa safari zinazofanana. Usibadilishe mambo mengine katikati, la sivyo hutajua kipi kimefanya kazi.

Ikiwa ulaji umeshuka, angalia ulikoshuka zaidi. Kwa wengi ni safari za mjini, na chanzo ni hatua ya 6. Ikiwa haukushuka hata kidogo, pitia kwa mpangilio huu: je, safari zako nyingi ni za chini ya kilomita tano? Je, matairi yamebadilishwa? Je, feni ya betri inavuma kwa sauti kila mara, hata siku isiyo na joto? Je, alama ya chaji ya betri inapanda na kushuka kwa haraka isiyo ya kawaida, ikijaa ndani ya dakika chache na kuisha vilevile? Maswali mawili ya kwanza yanajibiwa na wewe mwenyewe. Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya mawili ya mwisho, sasa ndipo betri inaposhukiwa kwa haki, nawe una daftari lenye matenki sita la kumwonyesha fundi.